Kibati cha Sol

Mimi mdomo wangu hauna mlango. Mama yangu alilisema hilo nikiwa mdogo, mume wangu akalithibitisha mwezi wa kwanza wa ndoa, na wanafunzi wangu wa darasa la tatu wanalijua kuliko wote. Nalitaja mapema ili msomaji asije akadhani kwamba katika haya nitakayosimulia mimi ndiye mtu mwema. Watu wema wamo, tena wengi, lakini ni wenzangu wapiga kinanda.

Kinanda ninachosema si kile cha umeme chenye ngoma ndani yake. Ni cha zamani, sanduku la mbao lenye pedali mbili. Ukizikanyaga mvukuto unavuta upepo, upepo unapita kwenye vibati vya shaba, na vibati vinalia. Kila noti ina kibati chake, chembamba, kirefu kama kidole cha mtoto, na kwa jumla ni arobaini na tisa. Vinanda vya namna hii vililetwa na wamisionari wa kale, na kuanzia Sake mpaka mwisho wa msitu hakuna duka linalouza hata skrubu yake. Ndiyo maana wapiga kinanda wa milima ya Masisi na wa msitu wa Walikale, huku mashariki mwa Kongo, tunajuana kama wachunga ng'ombe wanavyojuana. Mtu wa kukusaidia ni yule tu mwenye shida kama yako.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, njia ikiruhusu, tunakutana kwa mmoja wetu. Mwenyeji huweka bisibisi juu ya kifuniko cha kinanda chake, maana yake: fungueni. Hapo wageni hawanywi hata maji kabla ya kufungua sanduku, kupangusa vumbi, kufukuza panya, kukagua ngozi ya mvukuto na kusikiliza noti zote moja moja. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo nilinuna. Niliona ni ufidhuli, mtu kupekua tumbo la kinanda cha mwenzake kabla hata salamu hazijapoa. Ilinichukua mwaka kuelewa kwamba ni heshima kubwa, kwa sababu mwenyeji anakuonyesha ubovu wake wote na anajua hutamcheka. Kwa kweli tunacheka, lakini baadaye, wakati wa kula.

Nilichokipenda zaidi kwa watu hawa ni kusogeza. Kibati cha katikati kikifa, hakuna cha kununua. Basi wanatoa kibati cha jirani yake wa kushoto, wanakipiga tupa kidogo kwenye ncha mpaka sauti yake ipande, wanakitia kwenye tundu la marehemu. Tundu la jirani sasa liko wazi, kwa hiyo jirani wa pili naye anasogea, na wa tatu, kama watu kwenye benchi la kanisa wanaposogeleana ili mgeni apate pa kukaa. Mwishowe tundu linafika mwisho kabisa wa kushoto, kwenye zile noti nzito ambazo hakuna wimbo unaozihitaji. Ni kazi ya kutwa nzima, na tupa ikizidi kidogo tu umeua kibati kingine. Papa mmoja, kama tunavyowaita wazee kwetu, muuguzi mstaafu, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, husogeza akiwa amefumba macho, sikio lake likiwa karibu na mbao. Nimemwona akifanya hivyo saa saba mfululizo, na alipomaliza aliomba viazi, akala, akalala hapo hapo.

Kila kanisa lina alama yake, mkwaruzo mdogo kwenye mkia wa kila kibati, kama vile ng'ombe wanavyokatwa sikio ili wajulikane ni wa nani. Alama ya kanisa letu ni mistari miwili na nukta. Na kuna sheria moja inayojulikana kwa wote: kibati kinacholia kwenye kinanda cha mtu hakitolewi, hata kama kina alama yako. Kikishaingia na kulia, kimepata kwao.

Sasa nifike kwenye neno lililonitoka.

Vita ilipokaribia kilima chetu, tulifanya kama wakubwa wetu walivyotufundisha. Huwezi kukimbia na kinanda kizima, ni kizito, na sanduku zuri linavutia macho ya kila mwenye bunduki. Kwa hiyo tunakifungua na kukigawa. Mbao tulizificha chini ya majani makavu ya mahindi nyuma ya nyumba ya mchungaji, mvukuto ukabebwa na mzee mmoja mwimbaji wa besi, vibonyezo vikaenda kwa mwingine, na vibati tukawagawia wanakwaya, huyu viwili, yule kimoja. Kibati kimoja hata mwizi hakitaki. Na mtu aliyefunga kibati kwenye kitenge chake anakumbuka kila asubuhi kwamba kuna mahali anangojewa.

Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa kanisa na kopo la vibati magotini, watu wanapita, nagawa. Milio ya bunduki ilikuwa imeanza kusikika upande wa bonde. Kopo likabaki na kibati kimoja, cha sol ya katikati, noti ya tano kutoka do, na mtu mmoja alikuwa hajafika.

Huyo alikuwa mpiga kinanda wangu wa pili. Kazi yake ilikuwa kununua jibini kwenye mashamba ya ng'ombe kule juu na kuziuza Sake, akizibeba kichwani, duara juu ya duara. Nilimfundisha kinanda mwenyewe tangu noti ya kwanza. Aliniita Yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, na akikaa kwenye kinanda baada ya biashara, vibonyezo vilinuka maziwa mpaka Jumatano. Alikuwa na vidole laini kuliko vyangu, na hilo nililijua, wala sikuwahi kumwambia. Alikuwa na kasoro moja tu: kuchelewa. Alichelewa mazoezi, alichelewa ibada, alichelewa hata arusi yake mwenyewe.

Siku hiyo nilimngoja wakati mume wangu ameshatangulia na watoto. Alipotokea alikuwa anakimbia, ana jibini moja kwapani na tumbo la mimba mbele yake, anacheka kwa woga. Sikumuuliza alikotoka. Nilimshika mkono nikaibamiza ile shaba kiganjani.

"Kamata. Na ukiipoteza hii, usirudie tena hapa!"

"Sawa, Yaya," akasema.

Akashuka kwa njia ya magharibi, mimi nikashuka kwa njia ya Sake. Hasira, hasara, Waswahili walishasema, lakini mtu huielewa methali siku imeshampiga.

Tulikaa kambini upande wa Mubambiro miezi mingi. Sitaki kusimulia kambi, wengine wamesimulia vizuri. Tuliporudi kilimani, wa kwanza kurudi alikuwa mzee wa besi na mvukuto wake, umetobolewa na panya lakini upo. Vibati navyo vikaanza kurudi. Mama mmoja alikuwa amekishona chake ndani ya pindo la sketi na alilazimika kuifumua mbele ya kanisa zima. Mwingine alituma chake kutoka Kitshanga kwa dereva wa pikipiki, kimechomekwa ndani ya kipande cha sabuni ili kisipotee, na huyo dereva, ambaye hata si mtu wa kanisa letu, alikisafirisha na kuuliza mara mbili kama kimefika salama. Baba mmoja alifariki kambini, na mjane wake akaleta viwili vya mumewe, kavifunga kwenye karatasi ya daftari. Nilivipokea vyote kwenye kopo lile lile. Nilikuwa nalia na huku nahesabu, kama mwendawazimu.

Arobaini na nane vilirudi. Tukafunga kinanda, kikalia, na katikati yake pakawa na tundu. Sol haikuja.

Katika nyimbo nyingi niliweza kuikwepa. Unaweka noti nyingine, unajaza na mkono wa kushoto, watu hawajui. Lakini kuna ule wimbo wa kuagana, umo katika kila kitabu, tunauimba mwisho wa ibada. Mstari wa tatu unaishia kwenye sol, ndefu, peke yake, vidole vingine vyote vimeinuliwa. Hapo hapakuwa na njia ya kukwepa. Nilipofika hapo kinanda kilinyamaza, na watu wetu wamefundishwa kwamba kinanda kikinyamaza na wao wanyamaze. Wakavuta pumzi. Jumapili ya pili wakavuta pumzi tena. Baada ya miezi michache ikawa ndiyo desturi: mstari wa tatu, kimya cha pumzi moja, halafu mstari wa nne. Watoto waliozaliwa baadaye hawajui kwamba pale palikuwa na sauti.

Wenzangu walipokuja Jumamosi ya zamu yetu, walifungua sanduku wakaliona tundu. Yule Papa muuguzi akatoa tupa yake mfukoni, akaipuliza.

"Mama Mwalimu, tusogeze. Ile njo kazi yetu."

"Bado, Papa."

"Bado nini? Tuko bantu kumi hapa, mikono iko. Jua likizama utakuwa na sol yako."

"Nimesema bado!"

Akaniangalia, akairudisha tupa mfukoni. Aliniuliza tena mwaka uliofuata, na mwingine tena. Wote walijua kibati kilikuwa kwa nani, na walidhani nakataa kwa sababu ya mapenzi. Mapenzi yalikuwepo. Lakini kilichonifunga mikono kilikuwa kingine, na sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nilikuwa naogopa kwamba alikipoteza. Kwamba alianguka mahali, au alivuka mto, kibati kikamponyoka, na kwa kuwa ni mtu mtiifu, akakumbuka nilichomwambia na hakurudi. Kama amekufa, basi neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu ndilo hilo. Kama yu hai, ndilo linalomzuia. Kusogeza vibati ilikuwa ni kufunga mlango niliokuwa nimeubamiza mwenyewe.

Niliuliza kila niliyeweza kumuuliza. Wauza jibini wa Sake walisema hawajamwona. Mumewe, aliyekuwa amepotezana naye njiani, alingoja, kisha akaenda kumtafuta huko magharibi, na yeye pia hakurudi. Wengine kilimani walianza kumtaja kwa sauti ile ya chini inayotumika kwa marehemu. Nilipowasikia niliwakemea, nikaongeza madhambi.

Mwaka huu njia ya Walikale ilitulia kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu vita mkutano wetu ukapangwa msituni. Mwenyeji alikuwa mkulima mmoja, mtegaji wa wanyama pia, ambaye nilikuwa namjua kwa sifa tu. Tulikwenda kwa pikipiki mpaka barabara ikaisha, halafu kwa miguu, watu saba, Papa muuguzi mbele yetu na miwani yake imefungwa kwa uzi. Msituni mimi ni mgeni kabisa. Nimezoea kuona mbali, kilima baada ya kilima, na kule unaona mgongo wa mtu aliye mbele yako basi.

Tulikuwa bado hatujaliona kanisa tulipolisikia. Kwaya ilikuwa kwenye mazoezi ya Jumamosi, kinanda kinalia chini yake, kinono, hakina mkwaruzo. Tukasimama kusikiliza, maana hivyo ndivyo tulivyo, hatuwezi kupita. Walikuwa wanaimba ule wimbo wa kuagana. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu kimya. Pumzi moja. Halafu mstari wa nne.

Papa muuguzi akacheka, akapiga paja.

"Musikie! Na bao sol yabo ilikufaka!"

Wenzangu wote wakacheka. Ugonjwa ule ule, wakasema, leo tuna kazi, tutasogeza mpaka jua lizame. Nilicheka pamoja nao. Kwa kweli nilifurahi kidogo, kama mtu mwenye kilema anapokutana na mwenzake.

Kanisa lilikuwa la mbao na majani, safi mno, sakafu yake imefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mwenyeji alitupokea mlangoni. Ni mtu mfupi, mikono yake ina makovu ya nyaya za mitego, na anapokaa kwenye kinanda mikono hiyo hiyo inatua kwenye vibonyezo taratibu kama anashika yai. Mchwa walikuwa wamekula pedali zake, akachonga mpini nyuma ya sanduku, na mtu wa pili husimama huko akivukuta. Mvukuto ameuvika ngozi ya funo, yule swala mdogo wa msituni, imesuguliwa mafuta ya mawese hata inang'aa. Alituambia kwamba kabla ya kukata mti wa ule mpini aliwaarifu wakubwa wa msitu, wale wasioonekana, kama babu yake alivyofanya, kisha akaenda kanisani akamshukuru Mungu, na hakuona kwa nini mmoja amkasirikie mwenziwe. Nilimpenda papo hapo.

Bisibisi ilikuwa juu ya kifuniko. Papa muuguzi akafungua, akainua mbao, akaita noti moja moja. Do ikalia. Re ikalia. Alipofika kwenye sol ya katikati sote tuliinamisha vichwa kwa adabu, kama watu wanaosubiri habari ya msiba.

Sol ikalia. Ikalia vizuri kuliko zote.

"Hee," akasema Papa. "Iko. Sasa mbona bantu hawaiimbake?"

Akakichomoa kibati kwa ndoana yake ili akiangalie. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasogeza miwani. Akaninyoshea mkono. Kwenye mkia wa kile kibati palikuwa na mistari miwili na nukta.

Sikumbuki nilivyokaa chini. Nakumbuka mwenyeji akisema, "Mama, kunywa maji," na mtu mwingine akisema kwamba hatunywi kabla ya kumaliza kufungua, na Papa muuguzi akamfokea huyo aliyesema, yeye ambaye hafoki kamwe.

"Nani alileta hii?" nikauliza. "Iko mzima? Sema tu, iko mzima?"

"Iko mzima kabisa," akasema mwenyeji. "Anakaaka ngambo ya mto na bwana yake na mutoto. Kesho utamuona. Yeye njo mupiga kinanda yetu. Ni kuchelewa tu anachelewaka."

Hapo nilicheka, kisha nikalia, kisha sikujua ni kipi nafanya.

Mwenyeji akatusimulia. Mpiga kinanda wangu alifika kwao amejifungua njiani, mtoto hajamaliza wiki mbili, na wanawake wa kanisa wakampa kibanda na kuni. Jumapili ya kwanza alikaa nyuma, akamsikiliza mwenyeji akipiga. Wakati huo kinanda chao kilikuwa na tundu mahali pa sol, na kusogeza hawakuweza, kwa sababu vibati vyao vya kushoto vilishaliwa na kutu vyote. Baada ya ibada yule dada akamwendea. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kibati, akakiangalia muda mrefu. Mwenyeji anasema alidhani anataka kukibadilisha kwa chakula.

"Akaniambia, Papa, hii si yangu, ni ya kwetu. Lakini kuimba na tundu hivi, siwezi kuangalia. Weka. Nikamuambia, ukiweka haitatoka tena, unajua sheria. Akasema anajua. Akasema tena, nikiacha hii hapa, miye sitarudia kwetu, maana niliambiwa. Nikauliza nani alikuambia neno kama ile. Akasema, ni dada yangu mukubwa, alikuwa na haraka."

Wenzangu wote walikuwa hapo. Papa muuguzi alikuwa hapo. Hakuna aliyeniangalia, na kwa hilo nawashukuru mpaka leo, kwa sababu nilijua wote wameelewa kwa nini miaka yote nilisema bado.

"Na wimbo?" Papa muuguzi akauliza. "Sol iko. Sasa mbona banavuta pumzi?"

"Ni yeye alitufundisha," akasema mwenyeji. "Nyimbo zingine zote anapigaka sol. Kwa ile moja anainua mukono. Nilimuuliza. Akasema, kule kwetu pale hawana sauti, sauti yabo njo iko hapa kwenu. Siwezi kuipiga peke yangu na bao banangojea. Akasema pia, siku moja wapiga kinanda wa kule watakuya. Watafungua sanduku mbele ya kunywa maji. Wataona."

Sheria zetu nilizozinunia mwanzoni ndizo alizozitumia kunitumia barua. Hakuwa na simu, hakuwa na mtu wa kumtuma, na neno langu lilimkataza miguu. Alichokuwa nacho ni imani kwamba sisi, popote tuendapo, tutafungua. Kichwa hicho kizuri ndicho nilichokuwa nakikemea kila Jumamosi kwa sababu ya dakika kumi.

Papa muuguzi akakirudisha kibati mahali pake, akafunga sanduku, tukanywa maji.

Kesho yake nilifika kanisani kabla ya mtu yeyote. Nilijipangia maneno, nikayapangua. Ibada ikaanza na mwenyeji kwenye kinanda, nami nikaomba kazi ya kuvukuta, nikasimama nyuma ya sanduku nikishika ule mpini. Nilitaka mikono yangu iwe na kitu cha kufanya. Wimbo wa kwanza ukapita. Mahubiri yakaanza, yakaisha. Sadaka zikatolewa, ndizi, mihogo na kuku mmoja mwenye hasira. Mlango ulikuwa wazi na kila kivuli kilichopita kilinishtua.

Aliingia wakati mchungaji anatoa matangazo. Amenenepa kidogo. Alikuwa na msichana mdogo anayetembea mwenyewe, na mumewe, yule aliyekwenda kumtafuta, nyuma yao na viatu mkononi. Aliinama kwa adabu ya mtu aliyechelewa, akapita pembeni kama alivyokuwa akipita kwetu, mwenyeji akampisha kwenye benchi la kinanda. Akakaa, akanyosha vidole. Kisha akainua macho amwone anayevukuta.

Akasema kwa sauti ndogo, haraka, kama mtoto anayejitetea darasani:

"Yaya, sikuipoteza."

Miaka yote nimesema maneno mengi, mengi mabaya, na siku hiyo nilitafuta moja tu na likanitoka vibaya, limechanika kati.

"Najua. Nisamehe. Rudi hata mikono mitupu."

Mchungaji alikuwa ameshataja wimbo wa kuagana na watu wamesimama. Yeye akafuta macho kwa kiwiko, akaweka vidole mahali pake, nikavuta mpini, upepo ukajaa.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Nilikuwa nauangalia mkono wake wa kulia, ule laini kuliko wangu. Mstari wa tatu ukafika mwisho, na watu wote kanisani, kama alivyowafundisha, wakanyamaza kuvuta pumzi. Mkono wake haukuinuka. Akabonyeza sol, akaishika, na ikalia peke yake ndani ya kimya chao, ndefu, mpaka watu wakageuza vichwa kutazama ni nini. Msichana wake mdogo akacheka kwa mshangao. Hakuwahi kuisikia pale.

Mimi niliendelea kuvukuta ili isikatike.